Opera, jazz na myuziko kwenye albamu moja: jinsi ya kurekodi bila kusikika umepotea njia

Kila nikisikia mwimbaji wa opera anatoa albamu ya jazz naanza kwa kuomba dua. Si kwamba hawajui kuimba, jamani, hao watu wameishi na pumzi na nota miaka kumi na zaidi. Shida ni kwamba wengi wao wanabadilisha nyimbo tu halafu vingine vyote vinabaki kama vilivyokuwa, sauti ileile, ufunguo uleule (yaani kiwango cha juu au chini ambacho wimbo umewekwa), maiki ipo kule mita mbili mbele, na mwisho wa siku wimbo wa mapenzi wa taratibu unatoka kama mtu anamwita mwenzake ng'ambo ya mto. Naimba soprano, yaani sauti ya juu ya kike, nimerekodi aina zote tatu, na makosa karibu yote nitakayoyataja hapa nimeshayafanya mimi mwenyewe, kwa hiyo usione kama namsema mtu.

(Myuziko ni zile tamthilia za kuimba za Broadway ya New York na West End ya London, nitaziita hivo mpaka mwisho maana jina refu linachosha.)

Kitu cha kushika kabla hujagusa chochote ni umbali. Opera unamwimbia mtu aliyekaa kiti cha mwisho kule juu, huna maiki, na katikati yenu kuna okestra ya watu sitini au zaidi. Myuziko unaongea na mtu mliye naye chumba kimoja. Jazz, hasa ile ya polepole, mdomo wako upo sikioni kwa mtu mmoja na hakuna mwingine anayesikia. Ukishajua wimbo huu unaimbwa kwa umbali gani, basi ufunguo, matamshi, maiki, chumba mpaka miksi vinaanza kujipanga vyenyewe. Usipojua, hata studio ya bei mbaya haikusaidii.

Hatua ya 1: Chagua nyimbo zinazokubali sauti yako

Usianze na listi ya nyimbo unazozipenda bafuni. Anza na swali, huu wimbo uliandikiwa sauti ya aina gani? Kuna kazi zilizozaliwa mpakani kabisa. Porgy and Bess ya George Gershwin iliandikwa kama opera ila mwaka 1935 ikafunguliwa Broadway, na ukitaka darasa la bure la umbali nilioutaja sikiliza rekodi mbili mfululizo, ya waimbaji wa jazz Ella Fitzgerald na Louis Armstrong ya 1957 halafu ya waimbaji wa opera Leontyne Price na William Warfield ya 1963. Nyimbo ni zilezile, ila hao wa kwanza wamekaa na wewe kwenye kochi na hao wa pili wanajaza jumba zima, na wote wako sahihi kwa sababu kila mmoja kaamua anamwimbia nani na hakuyumba katikati.

Halafu kuna kazi ambazo sauti ya opera ndo ilihitajika tangu mwanzo. South Pacific ya 1949 nafasi ya mzee wa Kifaransa aliichukua Ezio Pinza, mwimbaji wa besi (sauti nene kabisa ya kiume) aliyetoka kuimba Metropolitan Opera ya New York miaka zaidi ya ishirini, kwa hiyo we baritoni, sauti ya kiume ya katikati, ukiimba nyimbo za Emile, huyo mzee, kwa sauti yako nene hujakosea kitu. Street Scene ya Kurt Weill ya 1947 vilevile. Ila ukienda kwenye nafasi kama ya profesa wa My Fair Lady ya 1956, aliyeianzisha ni Rex Harrison ambaye alikuwa anaongea juu ya muziki zaidi ya kuimba, sasa ukimwaga sauti ya opera za Verdi pale utawachekesha watu bila kukusudia.

Ushauri wangu ni kwamba nyimbo kumi na mbili zitoshe, na usigawe nne nne nne kama unagawa urithi. Chukua mtindo unaouweza zaidi uwe nusu ya albamu.

Hatua ya 2: Shusha ufunguo, halafu ushushe tena

Hapa ndo albamu nyingi zinakufa na nitakaa kidogo. Soprano amezoea sehemu tamu ya sauti yake iwe juu, kwa hiyo akipewa wimbo wa jazz anauimba kwenye ufunguo ulioko kwenye kitabu au hata anaupandisha. Lakini wimbo wa sikioni unaimbwa kwenye sauti ya kuongelea! Nani anakunong'oneza akiwa kwenye G ya juu?

Fanya hivi. Chukua maneno ya wimbo, usiyaimbe, yaongee kwa mtu kama unamwambia jambo la kweli na ujirekodi kwenye simu. Kaa kwenye piano utafute ile nota ambayo sauti yako inarudi rudi. Wanawake wengi itakuwa karibu na A iliyo chini ya C ya katikati, yaani hapo kwenye Hz 220, pengine juu au chini kidogo. Wimbo wa jazz uanzie maeneo hayo upande kama oktavu moja hivi. Wa myuziko unaweza kwenda juu zaidi, kama ni wa kupaza sauti ya kifua basi angalia nota ya juu kabisa usiifikie kwa kupigana nayo. Wa opera ubaki ulivyoandikwa, usiuguse.

Mara nyingi utajikuta umeshuka hatua nne au tano za skeli kutoka ufunguo wa soprano. Summertime, wimbo wa Porgy and Bess, kwenye opera yenyewe iko B maina na inaimbwa kule juu, sasa ukiitaka ya jazz usione aibu kuishusha mpaka ionekane kama wimbo mwingine. Sikiliza alichofanya Renée Fleming, soprano wa opera, kwenye albamu ya Haunted Heart ya 2005, yupo na piano ya Fred Hersch na gitaa la Bill Frisell, anaimba chini mpaka unajiuliza kama ni mtu yuleyule, na ukumbuke huyu kabla ya opera alikuwa anaimba jazz na trio (kundi la wapigaji watatu) akiwa mwanafunzi, hajaokota juzi.

Angalizo moja, ukishusha ufunguo usimwambie mpiga piano ashushe mkono tu. Kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, zilizokuwa safi kule juu zikishuka hatua tano zinakuwa uji. Inabidi mpangilio uandikwe upya, nota chache mkono wa kushoto na besi aachiwe kazi yake.

Hatua ya 3: Ruhusa, fanya mapema

Hii ni fupi ila ukiiruka itakula hela yako. Opera za zamani nyingi hazina mwenyewe tena, mtunzi Puccini alikufa 1924. Myuziko na nyimbo za jazz ndo zina kesi. Ulaya haki inadumu miaka 70 baada ya kifo, na wimbo wenye watunzi wawili unahesabiwa kwa aliyekufa mwisho. George Gershwin alikufa 1937, watu wanapiga hesabu wanafurahi, wakati kaka yake Ira aliyeandika maneno alikufa 1983, kwa hiyo subiri sana.

Kurekodi wimbo ambao tayari umeshatolewa siyo ngumu. Marekani kuna leseni ambayo mwenye wimbo hawezi kukunyima, unalipa kwa kila nakala, ilikuwa senti 9.1 toka 2006 mpaka mwisho wa 2022 halafu 2023 ikawa 12 na inaongezeka kidogo kidogo kila mwaka. Leseni hiyo inakuruhusu kuupanga wimbo kwa mtindo wako lakini siyo kubadilisha melodi yenyewe au tabia ya wimbo, kwa hiyo kama unataka kuunganisha aria (wimbo wa mtu mmoja ndani ya opera) na wimbo wa Broadway kuwa kitu kimoja andika barua kwa wachapishaji kwanza. Wengine wanachukua miezi kujibu.

Hatua ya 4: Tafuta watu walioishi huko

Usibebe okestra yako ya siku zote ukawaambia "leo tunapiga jazz". Hawatapiga jazz. Watapiga nota za jazz, ni vitu viwili tofauti. Anza na trio: piano, besi na dramu, watu ambao hiyo ndo kazi yao kila wiki. Kiri Te Kanawa, soprano wa opera, alipotaka kufanya jazz mwaka 1992 alikaa na André Previn kwenye piano, Ray Brown kwenye besi na Mundell Lowe kwenye gitaa. Previn alikuwa kondakta mkubwa wa okestra na pia alishapiga jazz tangu ujana wake, mwaka 1956 alitoa na mpiga dramu Shelly Manne albamu ya jazz ya nyimbo za My Fair Lady. Mtu wa kati kama huyo anayeongea lugha zote mbili akipatikana mlipe anachotaka, usibishane naye bei.

Na uwe na prodyuza mwenye ruhusa ya kukwambia HAPANA. Siyo mwalimu wako wa sauti, yule atasikiliza kama sauti imekaa vizuri, na wewe unahitaji mtu atakayekwambia hakuamini ulichosema.

Hatua ya 5: Mazoezi, yaani kusahau kwa makusudi

Matamshi kwanza. Opera tunafundishwa sauti inasafiri kwenye irabu, konsonanti ziguse tu zipite. Chukua neno la Kiingereza moon, lipo kwenye nyimbo za jazz kila kona. Kiopera nitaifungua ile u, nitaikaanga mpaka pumzi inaisha halafu n naibandika mwishoni kama stempu. Kijazz u inakuwa fupi, nafika kwenye n mapema na nakaa hapo, mdomo umefungwa, sauti inatetemea puani. Jaribu sasa hivi hapo ulipo, imba hiyo n sekunde tatu. Umesikia chumba kilivyokuwa kidogo ghafla? Herufi m, n na l ndo rafiki zako wapya. Kwenye myuziko ni katikati, irabu iwe ya kuongea na konsonanti zote zisikike maana hadithi inasonga ndani ya maneno.

Vibrato, ule mtikisiko wa sauti. Ya kiopera inatembea mara tano mpaka saba kwa sekunde na inawashwa kabla ya nota yenyewe haijafika. Zima. Anza nota ikiwa imenyooka, iache ikae, vibrato ije mwishoni kama ikija. Siku za mwanzo utajiona uchi, ni kawaida.

Muda ndo mgumu kuliko vyote. Swingi, ule mdundo wa kuyumba wa jazz, haiandikiki vizuri, nota za nusu pigo zinazoandikwa sawasawa zinapigwa ndefu-fupi, na wimbo ukienda kasi zinarudi kukaribiana, kwa hiyo huwezi kukariri kipimo kimoja ukatembea nacho. Weka metronomu (chombo cha kugonga mapigo) igonge pigo la pili na la nne tu, siyo la kwanza na la tatu, halafu ongea maneno ya wimbo juu yake kwa wiki nzima kabla ya kuimba. Ukishaweza, anza kuchelewa kidogo nyuma ya pigo. Na hapa kuna mtego maana sisi wa opera tukichelewa kondakta anatusubiri, kwenye jazz hakuna anayekusubiri, besi inatembea na wewe ndo unachelewa na kulipa deni lako mwenyewe kabla sentensi haijaisha.

Kwa wapiga ala wasiojua kubuni papo hapo: usijifanye. Yehudi Menuhin, mpiga violini wa klasiki, aliporekodi na Stéphane Grappelli, mpiga violini wa jazz, miaka ya 70 sehemu zake ziliandikwa, Grappelli ndo alikuwa anabuni. Mtunzi Claude Bolling alienda mbali zaidi, ile suiti yake ya filimbi na trio ya jazz aliyorekodi na Jean-Pierre Rampal filimbi inabaki kiklasiki na jazz inafanyika pembeni yake, na iliuza sana. Au fanya kama mpiga tarumbeta Wynton Marsalis, 1984 alichukua Grammy ya jazz na ya klasiki usiku mmoja, ila zilikuwa albamu mbili tofauti, kila moja kwenye nyumba yake.

Hatua ya 6: Chumba na maiki

Sauti ya opera ina nguvu nyingi karibu na Hz 3000, hiyo ndo inayomwezesha mtu mmoja kupenya okestra nzima bila maiki. Kwa mbali ni dhahabu. Ukiisogezea maiki sentimita kumi inakuwa sindano sikioni, na soprano akifungua sauti anaweza kupita desibeli 100 akiwa mita moja, kwa hiyo maiki nayo inalia. Ndo maana haiwezekani kuweka maiki moja sehemu moja ukarekodi albamu nzima.

Opera: ukumbi, siyo studio ndogo. Mwangwi wa karibu sekunde mbili unatosha. Maiki kuu zikae juu ya kondakta, mita tatu hivi kwenda juu, na ya mwimbaji iwe mita moja na nusu au mbili mbele yake kwa ajili ya kusaidia maneno tu. Sauti inatembea mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita ni karibu milisekunde 3, kwa hiyo kama maiki ya msaada iko mita kumi kutoka zile kuu mwambie fundi aicheleweshe karibu milisekunde 29, la sivyo mwimbaji atasikika yuko sehemu mbili.

Myuziko: studio ya wastani, maiki sentimita 30 hivi, kondensa (aina ya maiki inayonasa hata sauti ndogo) sawa.

Jazz: sentimita 10 hadi 20, kichujio cha pumzi mbele, chumba kikavu. Nakushauri uombe riboni (aina nyingine ya maiki) kwanza kabla ya kondensa, inalainisha ile sindano niliyosema. Ukikaribia besi ya sauti yako itavimba, usiogope, huo ndo mnong'ono wenyewe, ila ukisogeasogea kichwa kama uko jukwaani fundi atakuchukia. Mara yangu ya kwanza nilisimama kwa mazoea mita moja na nusu nikaimba vizuri kabisa, nikaingia kusikiliza nikiwa najiamini. Ilikuwa kama nipo kwenye korido. Fundi hakusema kitu, akaleta kiti kirefu cha baa, akakiweka mbele ya maiki, akaniambia kaa. Nikauliza pumzi nitatoa wapi nikiwa nimekaa? Akajibu, "Pumzi ya kazi gani?" Teki (uimbaji mmoja unaorekodiwa) iliyofuata ndo iliyoingia kwenye albamu, unasikia mpaka midomo inafunguka.

Rekodi biti 24, kHz 96 au hata 48 haina neno. Kabla ya kupima sauti imba sehemu kali kuliko zote, siyo ya mwanzo, na kilele kisipite desibeli kumi chini ya kikomo. Hedifoni nazo zinatudanganya wa opera, tumezoea kujisikia kupitia ukumbi, ukifunga masikio yote mawili utaanza kusukuma sauti. Acha sikio moja wazi.

Hatua ya 7: Siku za kurekodi

Kila mtindo siku yake. Bajeti ikibana na lazima iwe siku moja, opera asubuhi baada ya kupasha koo vizuri, myuziko mchana, jazz usiku. Koo lililochoka kidogo jazz inalipokea, Puccini hakupokei. Usigeuze huo mpangilio, mi niligeuza nikapoteza siku mbili.

Opera unaweza kuunganisha vipande vya teki nyingi na hakuna atakayejua. Jazz mkiwa chumba kimoja sauti yako imeingia kwenye maiki ya dramu na dramu imeingia kwako, nota ikitoka nje huwezi kuinyoosha peke yake, kwa hiyo ni teki nzima tangu mwanzo. Imbeni mara tatu nne, chagueni, mwende nyumbani. Kliki, mlio wa kuhesabu mapigo kwenye hedifoni, ni ya myuziko tu, na siyo wote.

Lugha isikuachie majuto. Mwaka 1984 Leonard Bernstein alirekodi West Side Story, myuziko aliyoitunga mwenyewe, na waimbaji wa opera, na kamera zilikuwepo studio. José Carreras, Mhispania, akapewa kijana mzungu wa New York, na Kiri Te Kanawa wa New Zealand akapewa binti wa Puerto Rico! Unamwona Carreras anahangaika na maneno ya Kiingereza ya haraka, anarudia, Bernstein anamkatiza, anarudia tena mpaka uso unabadilika. Sauti yake haikuwa na tatizo lolote. Kwa hiyo mwalimu wa lugha awe umemaliza naye mwezi mmoja kabla, siku ya studio saa inahesabu hela, na kama lafudhi ya mhusika haikukai chagua wimbo wa mhusika mwingine.

Hatua ya 8: Miksi na mpangilio wa albamu

Mwambie fundi asilinganishe nyimbo zote kwa namba. Majukwaa ya kusikiliza kama Spotify yanashusha sauti kuelekea LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika), jazz na myuziko zitakaa hapo bila shida, ila ukiibana aria ifike hapo umeua ule mnyanyuko wote kutoka kunong'ona hadi kupasuka. Iache iwe chini. Mwangwi usiongezwe kwenye jazz eti ifanane na opera, kila wimbo ubaki na chumba chake.

Usiweke aria kali kisha ballad (wimbo wa taratibu) ya sikioni mara moja, msikilizaji alishapunguza sauti kwa mkono wake na sasa hakusikii. Weka wa myuziko katikati, au kipande cha piano tupu, au acha sekunde tano sita za ukimya kati ya nyimbo. Majina nayo yaandikwe sawa, kwa opera aanze mtunzi na jina la kazi, kwa jazz msikilizaji anatafuta mwimbaji, na aliyefanya mpangilio atajwe kila wimbo.

Ukimaliza usiwapelekee wenzako wa kwaya na opera kwanza, watakusifia nota za juu. Mpe mpiga dramu asikilize nyimbo za jazz peke yake bila kumwambia we ni nani, ukae umwangalie mguu.